Mkalimani wa Sinema, Nyansiongo

Wazungu wa Nyansiongo walipouza mashamba yao na kuondoka, waliacha majosho ya ng'ombe, mistari mirefu ya mikaratusi, na jumba moja la mawe lenye paa la mabati mekundu ambalo watu waliendelea kuliita Klabu. Ndani yake kulikuwa na chumba kirefu chenye kitambaa cheupe ukutani. Upande wa nyuma, juu ya jukwaa la mbao, ilisimama mashine ya sinema, na chini yake palikuwa na sanduku la bati lililojaa mikanda ya filamu ambayo hakuna aliyetaka kuisafirisha hadi Uingereza.

Jumba hilo lilinunuliwa na Bwana Ongeri, mkulima wa mahindi mwenye malori mawili na sauti ya kuamuru. Mwaka wa 1966 alimwajiri Ombui, aliyejifunza kuendesha mashine za sinema alipokuwa jeshini, kisha akatafuta mtu wa kuwaeleza watazamaji Kiingereza cha kwenye picha. Akampata Cleophas Ogari.

Cleophas alikuwa mtu wa Tabaka, mwana wa Onchiri mchonga mawe. Alikuwa amechonga tangu utotoni, na vumbi lile laini la mawe lilikuwa limemkaa kifuani hata akawa anakohoa kabla ya kusema neno. Lakini akishakohoa, sauti iliyofuata ilikuwa nzito na safi, na shuleni alikuwa amekipenda Kiingereza kuliko chakula. Alipoambiwa kwamba kuna kazi ya kusema tu, bila nyundo wala tindo, alivuka wilaya nzima kwa miguu na malori, akahamia Nyansiongo na mkewe Kemuma. Miaka minne baadaye kikohozi kilikuwa kimekwisha. Hakuwa tayari kukirudia.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu wake. Jumapili alasiri, baada ya Wakatoliki kutoka kanisani, madirisha ya Klabu yalifunikwa kwa mablanketi na jenereta ikawashwa. Cleophas alisimama kando ya kitambaa cheupe akiwa na kipaza sauti cha bati mkononi. Kila mara maneno yaliposemwa kwenye picha, aliyasema kwanza kwa Kiswahili, kwa ajili ya vibarua wa mashamba ya chai waliotoka kila upande, Waluo, Waluhya na Wakipsigis. Papo hapo aliyarudia kwa Ekegusii, kwa ajili ya wenyeji. Alizizoea lugha hizo mbili zikifuatana mdomoni mwake kama miguu ya mtu anayetembea, na mara nyingine hakutambua mguu upi ulitangulia.

Zilikuwa filamu za vichekesho. Mtu anaanguka matopeni, mtu anakimbizwa na mbwa, watu wanacheka. Lakini mikanda huchoka. Kufikia mwanzo wa mwaka wa 1970 ilikuwa inakatika kila dakika, na Ombui alikuwa ameiunga hata mwanzo wa kisa ukafuatwa na mwisho wa kingine. Watu wakaanza kupungua. Ndipo Ongeri alipowaita wote wawili.

"Mahindi yangu yanalala nje," alisema. "Hili jumba ni kavu, lina sakafu ya mbao. Litakuwa ghala zuri sana."

"Bwana, kuna filamu moja hatujaionyesha," Cleophas alisema haraka. "Mikanda mitano, mizima kabisa."

"Ya kuchekesha?"

Cleophas alimtazama Ombui. Ombui alitazama dari.

"Si ya kuchekesha sana," Cleophas alisema.

"Nawapa Jumapili tatu. Jumba likijaa, sinema inabaki. Lisipojaa, wewe Ombui utaendesha lori. Na wewe, Ogari..." Ongeri alifikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Kwenu kuna kazi ya mawe, sivyo?"

Filamu yenyewe ilimhusu msichana aitwaye Helena, anayeishi katika nyumba kubwa na baba yake, ambaye ni daktari, pamoja na mwanamke mzee mtumishi. Helena ameambiwa kwamba mama yake alifariki kwa homa yeye akiwa mdogo. Sasa amekuwa mtu mzima, na anaanza kusikia nyayo ghorofani. Vitu vyake vinahama mahali. Kila jioni mtumishi anamletea maziwa, na kila jioni kamera inayatazama maziwa hayo kwa muda mrefu. Mara tatu Helena anaiona ndoto ileile ya mtoto aliyesimama juu ya ngazi. Mara ya kwanza tunaona viatu tu. Mara ya pili tunaona mkono wenye pete, na mtoto anapiga kelele. Mara ya tatu, katika mkanda wa mwisho, tunaona uso.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Cleophas alitafsiri maneno kama alivyozoea, neno kwa neno, lakini filamu hiyo ilikuwa na maneno machache. Kamera ilipokisogelea kitasa cha mlango hata kikajaa kwenye kitambaa chote, watu walikingoja kifanye jambo, nacho kikazunguka kidogo tu, mlango usifunguke.

"Tumeona mlango!" alipaza sauti Bitutu, muuza ndizi ambaye hakukosa Jumapili hata moja na daima alikaa mstari wa mbele. "Sasa utuonyeshe watu!"

Mtoto alipotokea kwenye ngazi, pakawa na ubishi juu ya mtoto huyo ni wa nani, na kama Helena amezaa lini. Mzee mmoja alisimama mkono wenye pete ulipoonekana peke yake bila mwili, akachukua kofia yake. "Mimi sikuja kutazama mtu aliyekatwakatwa," alisema, akatoka. Wengi walimfuata, Bitutu akiwa miongoni mwao. Kufikia mkanda wa tano walikuwa wamebaki watu kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

Jumatatu asubuhi Cleophas alimwomba Ombui aionyeshe filamu yote chumba kikiwa kitupu. Wakaitazama. Jumanne wakaitazama tena. Ombui, mtu wa maneno machache, alikaa kando ya mashine akivuta sigara yake, akajibu maswali.

"Kwa nini muziki unakatika hapa?" Cleophas aliuliza.

"Ili usikie moyo wako."

"Na hii taa? Kule mwanzo uso wa huyu mtumishi ulikuwa mwema, hapa ni wa mchawi."

Ombui hakujua. Lakini Cleophas alijua kabla hajamaliza kuuliza. Mara ngapi alikuwa amemwona mzee Onchiri akikibeba kichwa cha jiwe na kukizungusha mlangoni, asubuhi na jioni? Nuru ikitoka kando, kichwa kina huruma. Ikitoka chini, kichwa hichohicho kinataka kukuuma. Jiwe halijabadilika. Waliotengeneza filamu walikuwa wameishika taa wakaiweka chini ya kidevu cha mwanamke ambaye hakuwa na kosa lolote, ili watazamaji wamshuku yeye badala ya mwingine.

Ndipo akaelewa jambo lililomfanya asimame katikati ya viti vitupu. Alikuwa akidhani kamera inaonyesha yaliyotokea. Kumbe filamu ya aina hii haifanyi hivyo. Inaonyesha yale ambayo Helena anaamini yametokea. Helena akidanganywa, kamera nayo inadanganywa. Akiogopa maziwa, maziwa yanakuwa makubwa kuliko nyumba. Kitasa kile hakikuwa kitasa. Kilikuwa hofu ya Helena.

"Ombui! Tuko ndani ya kichwa chake!"

"Mimi niko Nyansiongo," Ombui alijibu, akaurudisha mkanda mwanzo.

Kwa furaha ya kuelewa, Cleophas akafanya kosa ambalo walimu wengi hulifanya. Jumapili ya pili alieleza kila kitu. Kabla kitasa hakijaonekana alikwisha sema kwamba kitakuja na maana yake ni hofu. Mtoto alipotokea, alisema: "Huyu ni Helena mwenyewe alipokuwa mdogo, msigombane, hii ni kumbukumbu." Mtumishi alipoangaziwa kwa taa ya chini, alisema: "Msidanganyike, huyu ni mtu mwema, ni taa tu." Watu walielewa vizuri sana. Walikaa hadi mwisho kwa adabu, kama wanaohudhuria mkutano wa maofisa wa kilimo, kisha wakaondoka bila kuzungumza.

Bitutu alimngoja mlangoni, sinia la ndizi kichwani.

"Mwalimu Ogari."

"Mimi si mwalimu, mama Bitutu."

"Leo ulikuwa mwalimu. Nikuulize. Nikikuita uje kwangu, halafu nikuambie, ndugu yangu, kuna nyoka nyuma ya mtungi, ana urefu huu, na hana meno, wewe utaruka?"

"Sitaruka."

"Basi. Mimi nilikuja kuruka." Alirekebisha sinia lake. "Wiki jana sikuelewa, nikakasirika. Wiki hii nimeelewa, nikasinzia hadi mwisho. Afadhali kukasirika."

Jioni hiyo Cleophas hakula. Kemuma alimuuliza kama kifua kimerudi. Akasema hapana, kifua ni kizima, ila huenda kikarudi mwezi ujao. Kemuma alielewa, yeye ndiye aliyekuwa akimwinua na kumkalisha usiku kule Tabaka, apate pumzi. Alisogeza bakuli la uji karibu naye, akaketi.

"Huyo Helena," alisema, "yeye anajua nani aliyefanya?"

"Hajui. Anakumbuka vipandevipande."

"Basi wewe unajuaje?"

Cleophas alilivuta bakuli, akala uji wote.

Wiki hiyo aliipanga kazi yake upya. Angesema tu kile ambacho Helena anakijua katika dakika hiyo, wala asitangulie hata kwa hatua moja. Nyayo zikisikika, angeuliza kama Helena anavyouliza. Kamera ikinyamaza, naye anyamaze. Palibaki mahali pamoja pa hatari. Katika ndoto ya pili mtoto anapopiga kelele, analo neno moja la Kiingereza, analomwita baba yake. Waliotengeneza filamu walikuwa wamelizika neno hilo chini ya muziki, tena na jenereta ya Ongeri nje ikiunguruma, hata Cleophas mwenyewe alikuwa amelisikia mara ya nne tu. Lilikuwa limefichwa makusudi. Likijulikana mapema, mkosaji amejulikana, na maziwa, nyayo na taa ya chini havina kazi tena. Akaamua: pale pa kelele ya mtoto, atasema tu kwamba mtoto analia.

Jumapili ya tatu watu hawakuwa wengi mwanzoni. Kati ya waliokuja wiki iliyopita hakuna aliyerudi ila Bitutu, aliyekuwa amesinzia. Nyuma yake alikaa fundi cherehani mmoja, Mluo kutoka upande wa Rongo, na vibarua wa chai walioletwa na mvua zaidi kuliko sinema. Ongeri alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akipima ukuta kwa macho.

Mkanda wa kwanza ulianza. Cleophas hakueleza chochote. Kitasa kilipokua hata kikajaa ukuta, alishusha kipaza sauti na kusema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili na kisha kwa Ekegusii: "Nilikifunga. Nakumbuka nilikifunga."

Kitasa kikazunguka. Bitutu akaruka, na ndizi mbili zikaanguka.

Tangu hapo jumba lilikuwa lake. Mtoto alipotokea kwenye ngazi hakuna aliyeuliza ni wa nani, kwa sababu sauti iliyosema "naota tena" ilikuwa sauti ileile ya Helena. Maziwa yalipoletwa, watu walimwambia Helena asinywe. Baada ya mkanda wa pili mtu mmoja alitoka mbio, na wengi wakadhani amekasirika, kumbe alikwenda kuwaita wenzake waliokuwa wamejikinga mvua dukani. Kufikia mkanda wa nne watu walikuwa wamesimama kando ya kuta.

Ndoto ya pili ikaja. Viatu, mkono, pete. Mtoto juu ya ngazi akafungua mdomo. Cleophas hakuwa tena mtu wa Tabaka mwenye mpango alioufanya Jumatano. Alikuwa juu ya ngazi, na kelele ikamtoka kabla hajaishika:

"Baba!"

Amelitaja. Neno lile moja lililozikwa na watu waliojua kazi yao, amelifukua mbele ya umati, na mkanda mmoja mzima bado haujaonyeshwa. Mkanda wa nne ukaisha hapo hapo. Kwa kuwa Klabu ilikuwa na mashine moja tu, ilibidi kusubiri Ombui abadilishe. Mablanketi yakainuliwa kidogo ili aone.

Cleophas alisubiri watu waanze kuondoka.

"Maskini ya Mungu," Bitutu alisema, akifuta macho. "Mtoto anamwita mamake."

"Mamake wapi?" fundi cherehani alidakia nyuma yake. "Umesikia mwenyewe, amesema baba! Anamwita babake!"

"Wewe unanifundisha neno baba? Mimi nimemwita mama yangu baba tangu nizaliwe. Sisi mama ni baba, na baba ni tata. Angetaka babake angesema tata!"

"Lakini huyu bwana anasema Kiswahili!"

"Na Ekegusii anasema!"

"Anaanza na Kiswahili!"

"Si kila mara!"

Jumba likalipuka. Wenyeji wote walikuwa wamesikia lugha yao, kwa maana katika hofu kama ile hakuna mtoto wa Kigusii anayemwita mtu mwingine ila mama. Vibarua walikuwa wamesikia Kiswahili. Wenyeji wakaanza kusema kwamba basi mama hakufa kwa homa, amefungiwa ghorofani, na nyayo ni zake. Au huenda mama ndiye mwenye pete. Wengine wakasema la, mtoto amemwona baba yake akishambuliwa na yule mtumishi. Hata waliomshuku daktari walizomewa: tangu lini mtu akamwita muuaji amsaidie? Mzee yule wa kofia, ambaye safari hii alikuwa amerudi na kuketi karibu na dirisha, aligonga sakafu kwa mkongojo. "Ni mama yake! Tazameni vile viatu!"

Kisha, kama walioambiana, wote wakamgeukia aliyesimama kando ya kitambaa.

"Mkalimani! Wewe ndiye uliyesema. Ulisema kwa lugha gani?"

Cleophas alifungua mdomo. Miaka minne alikuwa amelipwa kwa jambo moja tu, watu wasipoelewa awaeleweshe. Ulimi wake ulikuwa tayari. Tena alitaka kuwa mkweli kwao, na ukweli ni kwamba hakujua. Alijaribu kukumbuka ile kelele ilitoka mguu upi, wa Kiswahili au wa Ekegusii, akakuta ilitoka pahali pasipokuwa na miguu.

Karibu na mlango, Ongeri alikuwa ameacha kupima ukuta. "Ogari, waambie watu," aliamuru. "Ni mama, sivyo?"

Kumkatalia tajiri wake, siku ya mwisho ya majaribio, mbele ya watu! Cleophas alihisi kohozi la zamani likimpanda. Akalimeza.

"Bwana, Helena hajui," alisema. "Na mimi ni Helena."

Kukawa na kelele za kulalamika na vicheko. "Huyu jamaa amelogwa!" mmoja alisema. "Ombui, weka huo mkanda haraka, au tutauweka sisi!" Ombui, ambaye kwa kawaida alibadilisha mkanda kwa dakika tatu, siku hiyo alikuwa amegundua kwamba lenzi inahitaji kufutwa. Aliifuta. Akaitazama kwenye nuru. Akaifuta tena, hadi Bitutu akatishia kumpiga kwa mkungu.

Mablanketi yakashuka.

Ndoto ya tatu ikafika. Viatu. Mkono. Pete. Kamera ikapanda polepole kwenye mkono wa koti, begani, ikafika usoni. Alikuwa daktari. Na mbele yake, akiwa ameegemea ukingo wa ngazi, alikuwa mama, hai, akimtazama mtoto wake. Muziki ukakatika, na safari hii neno lile la Kiingereza lilisikika wazi, likifuatwa na mengine. Cleophas akayasema kwa Kiswahili, "Baba, usimsukume!" Kisha, kwa wenyeji, taratibu, akaanza na "Tata." Neno hilo lilipita mistarini, na aliona vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine, kama watu wanaopokea habari za jirani.

Sinema ilipokwisha hawakutoka mara moja. Fundi cherehani alimwambia Bitutu, "Si nilikuambia?" Bitutu akamjibu kwamba hakumwambia kitu, yeye alisema baba anashambuliwa, na zaidi ya hayo mama alikuwa palepale kwenye ngazi, kama Bitutu mwenyewe alivyosema. Walitoka nje wakibishana, mvua ikiwanyea, na hakuna kati yao aliyejifunika.

Ongeri alibaki hadi chumba kikawa kitupu. Alikuja mbele akatazama kitambaa cheupe kana kwamba daktari yumo bado.

"Ulinikatalia mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Samahani."

"Ningejua mapema, ningekwenda zangu kuyatazama mahindi." Alijikuna shingo. "Mke wangu hakuja leo. Jumapili ijayo nitamleta. Ole wako umwambie."

"Na ghala, Bwana?"

"Ghala nitajenga. Mbao zipo." Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuamuru, aliuliza. "Hizi filamu za namna hii, zinapatikana wapi nyingine?"

Cleophas alisema hajui, lakini angeandika barua Nairobi kesho yake asubuhi. Ombui, aliyekuwa akirudisha mkanda, alisema kutoka juu ya jukwaa kwamba asiandike kesho. Aandike leo, maana kesho posta inafunguliwa saa mbili asubuhi.